Zinia Kando ya Uzio

Mtaani walimwita Msusi tu, na wengi wa wateja wake hawakujua kwamba kabla ya kushika vichwa vya watu alikuwa ameshika udongo kwa miaka mingi kuliko ndoa zao. Yeye ndiye aliyeanzisha kitalu cha miche kilichokuwa upande wa pili wa uzio wake. Alianza na mbegu za machungwa alizozitema mwenyewe kiganjani, akazifukia kwenye makopo matupu ya rangi, akayapanga nyuma ya jiko. Mumewe, ambaye siku zile hakuwa na kazi zaidi ya kusikiliza redio, alimcheka.

"Sasa huo msitu wa makopo utamlisha nani?"

Msitu wa makopo ukawalisha wote, pamoja na mama mkwe aliyekuwa akiishi nao. Ukamsomesha binti yao wa pekee mpaka akaolewa mji mwingine. Ukajenga na nyumba yenyewe.

Miche ilipoanza kupendwa, mume aliizima redio akajitokeza mbele ya biashara. Alikuwa na ulimi mtamu. Hilo Msusi hakulikana hata siku alizomchukia kupita kiasi. Mtu aliyekuja kutafuta mdimu mmoja wa kupanda uani aliondoka na bustani nzima kwenye mkokoteni. Watu wakamwita Bwana Miche. Mkewe hawakumwita kitu, maana muda wote alikuwa ameinama.

Alikuwa akiinamia viwavi. Miche ya machungwa, ndimu na malimau ina adui mmoja asiyepiga kelele, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Yeye mwenyewe hali jani hata moja. Anakunywa utamu wa maua, kisha anapita juu ya jani changa la mchungwa, analigusa kama mpishi anayeonja chumvi, anaacha yai moja dogo na kwenda zake. Kiwavi akitoka anafanana na kinyesi cha ndege, na asiyejua anampita. Akinenepa anakuwa wa kijani kama jani lenyewe, na ukimgusa anachomoa kisogoni vipembe viwili vyekundu vyenye harufu ya tunda lililooza. Akiachwa, mche mchanga unabaki kijiti.

Basi kila alfajiri, chai haijachemka, mke wa Bwana Miche alipita mstari kwa mstari akigeuza majani, akiwachuma kwa vidole na kuwatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Bwana Miche alipotoka nje akipiga miayo, miche ilikuwa inang'aa. Aliamini kwa dhati kwamba ni yeye.

"Mimi nina mkono," aliwaambia wateja, akiuinua waone. "Nikigusa mche, unashika."

Halafu akaja yule mwanamke ambaye Msusi, mpaka leo, anamwita Mteja. Alikuja kununua mchenza. Akarudi kuuliza mchenza unamwagiliwaje. Akarudi tena kusema mchenza umenyauka, Bwana Miche akaenda mwenyewe kuutazama na kurudi jioni amechomekea shati. Mtu mwingine angenusa kitu hapo, lakini Msusi alikuwa ameinama.

Alipoambiwa aondoke, hakuambiwa kwamba kuna mwingine. Aliambiwa jambo moja tu, tena na mtu aliyekuwa amejilaza kitandani, uso kautazamisha ukutani.

"Wewe unanuka viwavi. Siwezi kulala na mtu anayenuka wadudu."

Neno hilo ndilo lililokaa. Mengine, talaka, vikao, Mteja kuhamia na masanduku yake, aliyameza. Hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipomeza mate alilikuta lipo.

Binti alikuja mbio kutoka alikoolewa, akasimama kati ya baba na mama na kusema kwamba nyumba haitoki mikononi mwa mama yake, labda wamfukie yeye kwanza. Baba akaona aibu mbele ya majirani, akakubali. Nyumba ikawa ya Msusi, kitalu kikawa cha Bwana Miche, ukapigwa uzio wa waya katikati. Kule mwisho wa kitalu Bwana Miche akajenga vyumba vitatu, akahamia na Mteja na mama yake mzazi, ambaye alipewa kile chumba chenye magunia ya mbolea.

Msusi alijua kusuka tangu usichana. Akaweka benchi barazani, akatundika kioo, wateja wakaanza kuja. Mikono iliyozoea kutafuta yai dogo chini ya jani haikushindwa na kichwa cha mtu. Mistari yake ilinyooka kama iliyopigwa rula. Tatizo lilikuwa baraza lenyewe. Lilitazamana na kitalu. Kutwa nzima, huku akigawa nywele, alimwona yule bwana akiuinua ule mkono wake.

Alikingoja kitalu kife. Alijiambia, ngoja, hakimalizi msimu bila mimi. Asubuhi sasa alijilipa usingizi wa miaka yote, haamki mpaka jua liwe limempiga usoni, na kila alipotoka barazani alitupa jicho upande wa pili akitarajia kuona vijiti. Alikuta miche inang'aa vilevile. Msimu ukapita, kitalu kikaongezeka. Hapo ndipo maini yalipokatika kweli. Kumbe huenda hakuwa lolote. Kumbe ule mkono upo.

Siku moja mama mkwe alikuja kusukwa. Talaka haikuwa imewatenganisha hawa wawili. Bibi alikaa chini, kichwa chake cheupe katikati ya magoti ya Msusi.

"Mama," Msusi alisema, "zile mbegu zako za zinia bado unazo?"

"Zile ulizokuwa unaning'olea?"

"Hizo hizo."

Bibi alikuwa mpenzi wa zinia tangu zamani, yale maua yanayosimama wima kwenye shina gumu, mekundu, ya waridi, ya rangi ya chungwa, yenye petali zilizopangana kama sahani juu ya sahani. Wakati wakiishi pamoja, kila alipoyapanda Msusi aliyang'oa, akamwomba radhi na kumweleza sababu. Hakuna ua ambalo yule kipepeo mweusi analipenda kama zinia. Anatua juu yake kama mtu aliyefika kwao.

"Si ulisema yanaita vipepeo?"

"Yanaita."

"Na vipepeo wanaleta viwavi kwa mwanangu."

Msusi alisimamisha kitana. Angeweza kusema anataka kupendezesha baraza, na bibi angejifanya ameamini. "Ndiyo, mama," akasema.

Bibi alisukwa mpaka mwisho, akajifunga kitambaa, akaondoka bila kuaga vizuri, na Msusi akajua amemkosea mtu pekee kule ng'ambo ambaye hakutaka kumkosea. Jioni bibi alirudi na kopo la majani ya chai, limejaa vichwa vya maua vilivyokauka.

"Panda karibu na waya, penye jua," alisema. "Kivulini hayachanui vizuri." Akageuka kuondoka, kisha akasita. "Tangu nihamie kwenye magunia yale hajaniuliza hata siku moja kama nimekula."

Msusi alipanda mstari mmoja kuanzia kona mpaka kona, kisha akaona hautoshi, akapanda mwingine. Alimwagilia kwa maji aliyooshea nywele za wateja. Mvua zilipokatika, zinia zilikuwa zimefika kiunoni na uzio wote umewaka rangi. Na wageni wakaja. Kwanza wale wadogo weupe, kisha wa kahawia, halafu, mchana mmoja wa jua kali, mkubwa mweusi wa madoa ya manjano. Alizunguka mara moja, akachagua ua jekundu, akatua, akakunjua ulimi wake mrefu na kuuchomeka katikati ya ua, mabawa yakitetema. Msusi aliacha kichwa cha mtu nusu.

"Karibu, mgeni wangu," alimwambia chini kwa chini. "Kunywa hapa, ukazae kule."

Alipokwisha kunywa, kipepeo aliinuka, akavuka waya, akaanza kugusa majani ya michungwa.

Wiki zilizofuata Msusi alikuwa mtu mwenye furaha, ile furaha ya mtu anayekusubiri gizani. Wateja waliacha kuulizana habari za mtaa wakatazama vipepeo. Wengine walileta watoto wao waone. "Msusi, siku hizi umepata roho ya maua," walimwambia. "Roho ninayo," naye akajibu.

Na kichekesho ni kwamba Bwana Miche mwenyewe alifurahi. Alifika kwenye waya siku moja, mikono nyuma kama mkaguzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umefanya jambo la maana. Wateja wangu wanayapenda. Panapendeza."

"Karibu," Msusi alisema, na ilibidi aingie ndani akacheke ndani ya mto.

Lakini miche haikufa. Iliparuliwa hapa na pale, majani mawili matatu yakatobolewa, basi. Vipepeo walikuwa wengi kiasi cha kuangusha kivuli, naye hakuelewa viwavi wanakwenda wapi.

Alielewa siku alipokuwa na bibi harusi wa kusuka mapema. Aliamka kungali utusitusi, akatoka na jiko lake barazani, na kule kitaluni akaona mgongo. Mtu ameinama, ndoo pembeni, anageuza jani, anachuma, anatumbukiza. Msusi alihisi anajitazama mwenyewe. Alisogea mpaka kwenye waya.

"Kumbe ni wewe."

Mteja alishtuka, akaikwapua ndoo nusura imwagike. Alikuwa amekonda, kanga kaifunga kichwani ovyo ovyo. "Shikamoo, dada."

Msusi hakuitikia. "Yeye yuko wapi?"

"Amelala."

"Anajua unafanya hivi?"

"Nilimwambia. Akasema miche yake haina wadudu, haijawahi kuwa na wadudu. Anasema ana mkono." Mteja alijifuta pua kwa bega, maana vidole vilikuwa vichafu. "Wamezidi sana, dada. Zamani nilikuwa namaliza kabla ya chai. Siku hizi simalizi. Na hii harufu yao nimeisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa chumvi, haitoki." Akavitazama vidole vyake. "Jana kaniambia nikalale kule kwenye magunia, na mama yake. Eti nanuka viwavi."

Msusi alishika waya kwa mikono miwili.

Hakumhurumia, hilo alilisema waziwazi hata baadaye. Huyu alimwingilia nyumbani kwake kwa kisingizio cha mchenza. Lakini pale alipokuwa amesimama aliona kitu kilichomchoma kuliko huruma. Wageni wake wote wale, maua yote yale, maji yote aliyobeba, vyote vilikuwa vinamlia usingizi mwanamke mwingine, na yule aliyekusudiwa yuko ndani anakoroma. Alirusha jiwe likampiga aliyekaa pembeni. Na lile neno, lile lile, hakulibadilisha hata kidogo!

"Sikiliza," alisema. "Mimi sikupendi."

"Najua, dada."

"Na usiniite dada. Iweke hiyo ndoo chini."

Mteja akaiweka.

"Una mtu wa kwenda kumtembelea? Mama, shangazi, yeyote?"

"Mdogo wangu kajifungua. Lakini siwezi kuondoka sasa, chama cha wakulima kinakuja kuchukua michungwa yote. Lori zima. Ndiyo mauzo ya mwaka."

"Wanakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Basi nenda kamwone mtoto," Msusi alisema, "na usirudi mpaka mwisho wa mwezi upite."

Mteja aliitazama miche. Kisha akayatazama maua, ambako vipepeo waliolala walikuwa wamening'inia, mabawa yamekunjwa, wakingoja jua. Aliyatazama kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Haya maua..."

"Mazuri, eh?"

Mteja aliimwaga ndoo, akaipindua juu chini, akaondoka siku hiyo hiyo na mfuko mmoja wa nguo.

Bwana Miche alimkumbuka Mteja kwa habari ya chakula tu; miche hakuiwazia. Siku za kwanza hakuona kitu. Halafu majani machanga yakaanza kwenda, kisha yaliyokomaa, na mstari wa mbele ukabaki umesimama kama njiti za kiberiti. Akaongeza maji. Akaongeza mbolea. Akalaumu jua, akalaumu udongo, akasimama katikati ya kitalu na kuwalaumu mbuzi, wakati mtaa mzima haukuwa na mbuzi hata mmoja. Kutoka barazani Msusi alimsikiliza huku akisuka, na wateja wake walishangaa jinsi anavyoimba.

Lori la chama lilifika na kusimama kwa breki nzito. Katibu wa chama, mwanamke mnene mwenye miwani, alishuka, akapita kati ya mistari bila neno. Bwana Miche alimfuata nyuma akiongea bila kupumua. Huu mche uko kwenye mapumziko, huu unabadilisha majani, ndiyo tabia ya aina hii ya mchungwa. Katibu aliinama, akageuza jani moja kati ya machache yaliyobaki, akaligusa kwa kidole. Vipembe vyekundu vikachomoza. Katibu akarudi nyuma akijipepea pua.

"Bwana Miche, wewe huuzi michungwa. Umefuga vipepeo." Akaelekeza kidevu upande wa zinia. "Na pale umewawekea na hoteli."

Lori likaondoka tupu, likirusha vumbi.

Bwana Miche alivuka kwa mlango wa barabarani na kuingia barazani kwa Msusi bila hodi. Palikuwa na wateja watatu, na mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kona na kikombe chake cha chai.

"Ng'oa hayo maua. Leo hii!"

"Kwa nini?"

"Yanaita wadudu!"

"Ulisema yanapendeza."

"Usinichezee! Umefanya makusudi wewe!"

Jibu la hilo Msusi alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Alikichomeka kitana kwenye nywele za mteja kisianguke, akasimama.

"Makusudi," alisema. "Kila mbegu niliifukia kwa makusudi, na kila kikombe cha maji nilikimwaga kwa makusudi. Na msimu ujao nitapanda mistari minne."

"Una roho gani wewe?"

"Inayonuka viwavi."

Mmoja wa wateja aliguna, akajifunika mdomo. Bwana Miche alimgeukia mama yake. "Mama, unamsikia huyu?"

"Namsikia," bibi alisema, akipuliza chai. "Mbegu nilimpa mimi."

Yule bwana aliketi kwenye ngazi. "Lakini zamani hawakuwepo," akasema, kwa sauti ndogo isiyo na asali yoyote. "Miaka yote hiyo hawakuwepo."

"Walikuwepo kila siku ya Mungu," bibi alimwambia. "Ulikuwa umelala."

Bwana Miche hakuomba radhi, na Msusi hakutarajia. Kesho yake yule bwana alinunua dawa ya wadudu, akaichanganya kali kwa hasira, akaunguza hata kile kidogo kilichokuwa kimesalia. Msusi siku hiyo alikuwa ameifunika bustani yake kwa mashuka, kwa sababu alimjua. Mteja aliporudi, alimwambia mumewe kwamba kuanzia sasa yeye atakaa na wanunuzi na mwenye mkono ataingia mistarini. Wakagombana hadi vyombo vikasikika, lakini alishinda, maana hapakuwa tena na kitu cha kumtishia nacho.

Kitalu kilibaki nusu ya kilivyokuwa. Kila alfajiri Bwana Miche yuko humo, amejishika kiuno, anageuza majani na kutukana. Msusi ameacha kulala mpaka jua kali. Anaamka makusudi, anaweka kiti, anakunywa chai yake taratibu akiutazama ule mgongo ukipanda na kushuka. Dukani watu humwachia yule bwana nafasi kubwa kwenye foleni kwa sababu ya harufu, na mtaa umempa jina jipya, Bwana Viwavi. Binti yao alipiga simu akalia kidogo, akacheka kidogo, kisha akamuuliza mama yake kama sasa moyo umetulia.

"Bado," Msusi alimjibu. "Nitakwambia ukitulia."

Mteja alichukua muda mrefu kupata ujasiri wa kuja barazani. Alikuja siku isiyo na watu, akasimama karibu na maua, akauliza kama anaweza kusukwa. Msusi alimtazama juu mpaka chini, kisha akamwonyesha mahali pa kukaa. Alimgawa nywele, akaanza mstari wa kwanza pembeni mwa sikio, akavuta.

"Dada, samahani," Mteja alisema baada ya mistari kadhaa, machozi yakimlengalenga. "Unakaza."

"Ndivyo ninavyosuka," Msusi alisema, na haikuwa kweli. Mteja akashika magoti yake, na Msusi akachukua fungu jingine.